Risasi Usiyoifyatua: Kuwinda Kindi wa Kijivu kwa Bunduki ya Upepo

Ukipita katika msitu wa Uingereza mwezi wa Juni, tafuta mti mchanga wa beech wenye unene wa paja la mtu, kisha inua macho mita mbili tatu kutoka chini. Kama kindi wa kijivu wameshaupitia, utaona jeraha refu, jeupe linaloelekea umanjano, na chini yake vipande vya gome vimetapakaa kama maganda ya muhogo nje ya jiko. Sogea karibu zaidi. Juu ya mti mbichi uliobaki wazi kuna michirizi midogo ya meno, miwili miwili, imekaa sambamba: ni alama ya mnyama aliyekuwa akikwangua utomvu ulio chini ya gome. Gome lenyewe hakulila, amelitupa. Jeraha likizunguka shina lote, sehemu yote ya juu hukauka. Likiishia upande mmoja, kuvu huingia, na miaka kadhaa baadaye dhoruba huja kulivunja shina pale pale. Miti inayoshambuliwa zaidi ni ya kati ya miaka 10 na 40, yaani ile ambayo mwenye msitu ameshamaliza kuigharimia na bado hajavuna chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa ruhusa na mwenye msitu wa namna hiyo awapunguze kindi wa kijivu, naye anataka kuifanya kazi hiyo kwa bunduki ya upepo. Hoja yake ni moja. Bunduki ya upepo ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaopaswa kuamua kila kitu: umbali, mahali pa kulenga, saa ya kwenda, hata mahali pa kukaa. Anayeitumia kama vile ni bunduki ya baruti iliyopunguzwa kelele atajeruhi wanyama na hatauokoa msitu. Anayekubali mipaka yake hutumia muda mwingi kukataa kufyatua kuliko kufyatua, na huyo ndiye anayemaliza msimu akiwa amefanya kazi ya maana.

Kwanza, kwa nini wauawe. Kindi wa kijivu si mwenyeji wa Uingereza. Asili yake ni mashariki ya Amerika Kaskazini, na aliletwa kama pambo la bustani za matajiri. Mwaka 1876 Thomas Brocklehurst aliwaachia huru katika uwanja wake wa Henbury, mkoa wa Cheshire. Mwaka 1890 wengine waliingizwa Woburn, kwenye ardhi ya Duke wa Bedford, na kutoka hapo watu waligawiana kama zawadi. Kufikia 1937 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuwaingiza na kuwafuga, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Makadirio ya sasa ni kindi wa kijivu wapatao milioni 2.7 katika Uingereza, Scotland na Wales, dhidi ya kindi wekundu, wenyeji wa tangu enzi, wapatao 287,000 ambao wengi wao wamebaki Scotland. Wa kijivu ni mkubwa zaidi, hula mbegu za mwaloni kabla hazijaiva sawasawa, tena hubeba virusi vya ndui ya kindi ambavyo yeye mwenyewe havimsumbui. Mwekundu akiambukizwa hutoka vidonda machoni na mdomoni, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki mbili hivi.

Wako watakaosema kindi hana kosa. Aliyekosa ni binadamu aliyemleta. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa kwa chuki wala kwa mzaha. Lakini kosa la binadamu halirekebishwi kwa kumwachia mwekundu na mti wa mwaloni walipe deni lisilo lao. Kinachofuata kutokana na kutokuwa na hatia kwa mnyama ni kwamba afe mara moja, bila kujua, na kwamba kifo chake kiwe na faida inayopimika. Yote yaliyobaki katika ukurasa huu yanatoka katika masharti hayo mawili.

Sheria nitaipitia haraka, ila usiipuuze. Nchini Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, sawa na joule 16 na kidogo, haihitaji cheti. Ikizidi hapo ni silaha ya moto mbele ya sheria. Scotland hudai cheti cha bunduki ya upepo tangu mwisho wa 2016, na Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi, kwani kiwango chake ni joule 1 tu. Kununua ni kuanzia miaka 18. Kuingia na bunduki kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama haina risasi, na risasi ikivuka mpaka wa shamba ulilopewa ni kosa lako wewe. Pata ruhusa kwa maandishi, na mwombe mwenye ardhi akuonyeshe mipaka kwa miguu, si kwa kidole juu ya ramani. Kindi mwekundu analindwa na sheria ya 1981. Rangi pekee isikudanganye: wa kijivu huwa na mbavu za kahawia wakati wa kiangazi, na mwekundu huweza kufifia kuwa wa kijivujivu wakati wa baridi. Tazama masikio, maana ya mwekundu huota shungi za manyoya msimu wa baridi. Tazama na mkia, kwani wa kijivu una ukingo mweupe kama moshi. Ukiwa na shaka, umeshapata jibu. Na msomaji aliye Mombasa au Tanga asiubebe mwongozo huu hadi kwake: kindi wa misitu ya pwani ni wenyeji pale, na Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977.

Sasa tuje kwenye bunduki. Joule 16 ni kitu kidogo. Bunduki ndogo kabisa ya baruti, ile ya inchi .22 inayotumiwa kwa sungura, huzidi joule 130 mdomoni mwa mtutu, yaani mara nane hivi. Risasi ya upepo, yenye kiuno chembamba kama cha nyigu na sketi nyuma, hupoteza mwendo upesi, na ikifika mita 30 inabaki na joule 12 au pungufu. Hiyo inatosha kupasua fuvu la kindi. Haitoshi kumuua kwa uhakika kwa kupita kifuani, na haitoshi hata kidogo ikimpata tumboni au kiunoni. Kindi ni mnyama wa nusu kilo mwenye misuli migumu kama kamba, na akijeruhiwa hukimbilia shimoni au kwenye kiota chake cha majani, mahali ambapo huwezi kumfuata. Kwa hiyo shabaha ni ubongo. Kwa upande, lenga kati ya jicho na sikio. Akikutazama, lenga kati ya macho, juu kidogo. Upana wa sehemu hiyo ni kama sentimita mbili na nusu, sawasawa na sarafu ya Uingereza ya peni 10.

Chukua sarafu hiyo uichore kwenye karatasi mara tano. Kaa, au piga magoti, au egemea mti, vile vile utakavyokaa msituni, si kwenye meza ya kulengea, kisha piga risasi tano kwa mita 30. Kama zote tano hazikuingia ndani ya mduara, sogea hadi 25. Kama bado, sogea hadi 20. Umbali ambao zote tano zinaingia, leo na kesho na keshokutwa, ndio umbali wako wa kuwinda. Jina la bunduki na bei yake havina kauli hapa. Wapo watu wa mita 18, na mtu wa mita 18 anayejijua ni mwindaji bora kuliko mtu wa mita 40 anayebahatisha. Hata kwa fundi wa kweli, mita 30 hadi 35 naziona kuwa ukomo wa busara, na sababu ni hesabu, si woga.

Tazama hesabu yenyewe. Bunduki za upepo zina vipenyo viwili vya kawaida, milimita 4.5 na milimita 5.5. Nguvu ikiwa ile ile, risasi ndogo hutoka kwa mita 240 hivi kwa sekunde, kubwa kwa mita 175 hivi. Hadi mita 30, ndogo huanguka karibu sentimita 9 chini ya mstari wa mtutu, kubwa karibu sentimita 16. Ukiiwekea darubini kipimo cha mita 30, risasi ya 4.5 itakaa ndani ya sentimita moja ya mahali ulipolenga kuanzia mita 10 hadi 30. Ile ya 5.5, kwa kipimo hicho hicho, itapiga sentimita mbili na nusu juu kwa mita 20. Ukikosea kukadiria umbali, ukadhani ni 30 kumbe ni 40, ndogo hushuka sentimita 3 na kubwa sentimita 7. Linganisha tarakimu hizo na sarafu yako. Mashabiki wa 5.5 husema risasi nzito humpiga mnyama kwa kishindo zaidi, na hawakosei. Lakini kichwani risasi zote mbili huua, na nje ya kichwa hakuna inayotosha. Kinachomuua kindi ni mahali risasi ilipofika, na inayosamehe makosa ya umbali ni 4.5. Ukishazoea 5.5 na unajua kushuka kwake kama unavyojua ngazi za nyumbani kwako, endelea nayo. Anayeanza achukue ndogo.

Kuhusu mtambo, kuna wa springi na kuna wa mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Springi ni rahisi, haina vifaa vya ziada, ila huruka mkononi kabla risasi haijatoka, na kuimudu huchukua miezi. Ya mtungi imetulia, hufundishika upesi na huvaa kiwambo cha kupunguza sauti kwa urahisi. Tatizo lake ni kibweta cha risasi nyingi: ukishavuta komeo, tayari risasi iko ndani ya mtutu, na ukivuta mara ya pili kwa kusahau, mbili zimo. Ajali nyingi za kipuuzi huanzia kwenye swali “nimeshaweka au bado?” Kanuni ni moja: unapoondoka ulipokaa, unaporuka uzio, unapokutana na mtu, mtutu uwe mtupu, na uwe umeuhakikisha kwa macho.

Hesabu mbili nyingine huwaponyoka hata wazoefu. Ya kwanza ni upepo. Mwendo wa mita 3 kwa sekunde, ambao usoni unausikia kama pumzi tu, husukuma risasi karibu sentimita 3 kando kwa mita 30. Umeshatoka nje ya sarafu. Siku majani ya juu yanapochezacheza, punguza umbali kwa nusu au rudi nyumbani. Ya pili ni pembe. Kindi anakaa juu, nawe uko chini, na mvuto wa ardhi huhesabu umbali wa mlalo peke yake. Kindi aliye mita 30 kutoka jichoni mwako, kwa pembe ya nyuzi 45, yuko mita 21 tu kwa mlalo. Ukimlenga kama wa mita 30, risasi ya 5.5 itapita sentimita 4 au 5 juu ya kichwa chake, ya 4.5 karibu sentimita 3. Ndiyo sababu watu husema “nilimpita juu” kila mara wakilaumu darubini, na darubini haina kosa.

Pembe inaleta swali lililo zito zaidi: risasi inakwenda wapi ikikosa? Risasi ya upepo iliyopigwa angani husafiri mamia ya mita, na misitu ya Uingereza imejaa njia za umma, mbwa wanaotembezwa na watoto wanaookota mbegu. Kindi aliyekaa kwenye tawi jembamba, nyuma yake mbingu tupu, ni picha nzuri na si shabaha. Subiri ashuke hadi mahali ambapo shina nene liko nyuma ya kichwa chake. Sharti hili litakunyima nafasi nyingi kuliko jingine lolote, na katika msitu mrefu unaweza kukaa asubuhi nzima ukiwatazama wakipita juu kwa juu. Hapo wengi husema mwongozo kama huu unafanya uwindaji usiwezekane. La. Unafanya usiwezekane kwa namna moja, ya kuzurura ukiangalia juu, na kukulazimisha uchague namna nyingine.

Namna nyingine ni kumleta kindi kwenye risasi badala ya kuipeleka risasi kwa kindi. Tengeneza sanduku la mbao lenye mfuniko unaoinuka, lijaze mahindi makavu mazima na karanga, lifunge kwenye shina nene la mti usawa wa kifua chako. Shina ndilo litakalodaka kila risasi itakayokosa, na kwa kuwa sanduku liko chini, unapiga kwa mlalo, bila hesabu ya pembe. Tafuta pa kukaa mita 20 hadi 25 kutoka hapo, mgongo ukiegemea mti mnene kuliko mabega yako ili umbo lako lipotee ndani yake. Pima umbali kwa hatua au kwa kamba. Umebadilisha makadirio kuwa maarifa. Kisha usipige. Kwa wiki nzima peleka mahindi tu, utazame wanakuja saa ngapi, kutoka upande gani, wangapi. Punje zinasimulia pia: kindi hung'ata kiini laini cha punje na kuiacha iliyobaki, hivyo ukikuta chini ya sanduku mahindi yaliyotobolewa kona moja, mteja wako umeshamjua. Njia hii haifai kabisa kwenye msitu wenye kindi wekundu, kwa sababu sanduku moja linalolambwa na wote ni soko la ndui. Huko kazi waachiwe wenye mitego na wanaojua kuisafisha.

Saa na msimu vina uzito wao. Kindi wa kijivu halali usingizi wa baridi. Wakati wa kiangazi huwa hai alfajiri na tena kabla ya magharibi. Wakati wa baridi huamka kwa uvivu, na saa zake nzuri ni kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku kavu, tulivu, yenye jua la barafu. Mvua na upepo humweka kiotani. Mimi ningetilia mkazo kipindi cha Desemba na Januari, kwa sababu tatu zinazokutana: majani yamedondoka na viota vinaonekana kama mafurushi kwenye panda za miti, chakula ni haba, hivyo sanduku lina nguvu, na majike wengi bado hawajazaa. Kindi huzaa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa baridi na tena katika kiangazi, kwa kawaida watoto watatu hivi. Ukimuua mama mwezi wa Machi, umeacha watoto wafe njaa kiotani bila wewe kuwaona. Sheria haikukatazi, maana hakuna msimu uliofungwa kwa mnyama huyu, lakini sharti letu la kifo cha mara moja linakukataza. Tena, anayetolewa Januari hatakuwepo Mei, gome linapoanza kubanduliwa.

Ukiwa umekaa, utajifunza tabia zake kuliko kitabu chochote kitakavyokufundisha. Akihisi jambo hupunga mkia kwa mapigo mafupi na kutoa sauti ya kukaripia, kama mtu anayesafisha koo. Akikuona, huzunguka shina na kujibanza upande wa pili, na ukizunguka naye anazunguka. Kama mko wawili, mmoja asimame kimya na mwenzake atembee kwa kishindo kuzunguka mti, na kindi atajileta upande wa aliyetulia. Ukiwa peke yako, tupa kijiti upande ule. Lakini angalia usivutwe na ujanja huo ukasahau sarafu. Kindi aliyesogezwa kwa hila mara nyingi hachelewi kuondoka, na anayesogea hapigwi. Subiri asimame, ashike punje kwa mikono miwili, aanze kutafuna. Hapo kichwa hutulia kwa sekunde tatu nne. Usipige aliye mdomoni mwa shimo, hata kichwa kikiwa wazi, kwa sababu ukikosea kidogo ataingia na mateso yake. Usipige ndani ya kiota cha majani kwa kubahatisha, huoni unachokipiga.

Risasi ikimpata sawasawa utasikia mlio mkavu wa mfupa na ataanguka pale pale, pengine miguu ikitikisika kwa muda mfupi. Mlio mzito, wa kitu laini, ni habari mbaya: weka risasi nyingine mara moja na umalize kazi kabla hujawaza lolote. Akiwa chini, mwendee kwa nyuma, mguse jicho kwa ncha ya kijiti kirefu. Likipepesa, mpige tena kichwani kwa karibu. Usimshike mkono mtupu hata akiwa amekufa. Kuna viroboto, kuna kupe, na meno ya kindi anayezinduka hupenya glavu. Nyama yake huliwa na wengi Uingereza, wakiifananisha na sungura, ila risasi ya ledi iondoe pamoja na nyama iliyoizunguka, au tumia za bati. Msomaji Mwislamu ana swali lake la awali kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi bila kuchinjwa, na hilo ni la kwenda nalo kwa sheikh wake, si kwa mwandishi wa bunduki.

Sasa yale yanayopingwa. Mwenye bunduki ya marisau atasema: mimi ninamuua kindi kwa mita 25 hata akikimbia, bila hesabu za sentimita. Namkubalia. Marisau husamehe, bunduki ya upepo haisamehe, na mtu ambaye baada ya mazoezi ya miezi bado haingii ndani ya sarafu kwa mita 20 ana wajibu wa kuiacha bunduki ya upepo. Lakini mlio wa marisau huufunga msitu kwa saa nzima, huwatia hofu majirani, na cheti chake si cha kila mtu. Bunduki ya upepo hukuwezesha kukaa sehemu moja na kutoa watatu, wanne, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa ametulia.

Upinzani ulio mzito zaidi ni huu: ukiwaua kumi, kumi wengine watahamia. Historia inaonekana kuuunga mkono. Katika miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ililipa shilingi moja kwa kila mkia, baadaye mbili. Watu walileta mikia kwa maelfu, na mpango ukafungwa 1958 bila kindi kupungua kwa kiasi cha kuonekana. Ukiutazama kwa makini, ule mpango ulishindwa kwa jambo mahususi: ulilipia mikia, haukulipia msitu. Mwindaji alikwenda walipo wengi na rahisi, akachukua fedha, akawaacha waliobaki wazaliane ili mwakani kuwe na mikia tena. Kinyume chake ni kisiwa cha Anglesey, Wales. Huko kazi ilianza 1998, ikaendelea mwaka hadi mwaka bila kupumzika hadi kindi wa kijivu wakaondolewa, na wekundu waliokuwa wamebaki makumi machache katika msitu mmoja leo ni mamia kisiwani kote. Kusema kweli, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mitego ya vizimba, si bunduki, tena bahari ilisaidia kuzuia wahamiaji. Mtego hunasa hata usipokuwepo, wala hauhitaji shabaha, lakini ni lazima ukaguliwe kila siku, na si kila mwenye msitu anaweza. Bunduki ina mahali pake pale ambapo mtego haukaguliki, au ambapo waliobaki wameshaujua mtego. Kwa vyovyote, somo la Anglesey kwako ni kurudi. Asubuhi moja kwa wiki, katika msitu ule ule, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Januari, inazidi siku tatu za fujo kila baada ya mwaka.

Na je, si afadhali kuiachia asili? Nchini Ireland imeonekana kwamba pale pine marten, mnyama wa ukoo wa kicheche, anapoongezeka, kindi wa kijivu hupungua na wekundu hurudi. Vilevile wataalamu wa serikali ya Uingereza wamekuwa wakitafiti dawa ya kuzuia uzazi inayowekwa kwenye chakula. Yote mawili ni mema, na yakifika msituni kwako, weka bunduki kabatini bila huzuni. Lakini marten hukaa msitu mpana na huongezeka taratibu, na miche iliyopandwa miaka kumi na mitano iliyopita itaingia kwenye meno Mei ijayo.

Weka daftari. Andika kila asubuhi uliyokwenda: hali ya hewa, saa, wangapi ulioona, wangapi uliopiga, na mara ngapi uliinua bunduki ukaishusha. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, kagua tena umbali wako. Kisha mwisho wa Julai, bunduki ikiwa nyumbani, chagua mistari mitano ya miti michanga, miti ishirini kila mstari, uhesabu shina kwa shina lenye jeraha jipya jeupe. Mwaka unaofuata rudi kwenye miti ile ile mia moja, ambayo uliiwekea alama ya rangi kidogo, na uanze kuhesabu.